Kofia Nyeusi wa Majivu: Namna ya Kumtambua Nje ya Lubumbashi, na Kumtofautisha na Ndugu Yake wa Jangwani

Mwezi wa saba, moto ukishapita kwenye dembo, yaani bonde la majani linalojaa maji wakati wa mvua, ardhi inabaki nyeusi kama sakafu ya jiko la makala (makaa). Mtu wa kawaida haoni kitu pale: vichuguu, visiki, na vumbi linalopeperuka. Asubuhi moja nilikuwa nimechutama pembeni ya dembo la namna hiyo, kando ya barabara ya Likasi, mama mmoja mwenye gunia la makala kwenye baiskeli akasimama.

"Baba, unatafuta nini mule mu majivu?"

"Ndeke."

"Ya kula?"

"Ya kuangalia, mama."

Alicheka sana, kisha akanionyesha kwa kidevu kichuguu kilichokuwa mbele yetu. "Si kale kandeke?" Kweli, alikuwepo. Amesimama wima kama askari wa lindo, kifua cheupe chenye mkanda mweusi, kofia nyeusi kichwani. Mama aliendelea na safari yake. Mimi nilibaki pale hadi saa nne.

Jina la kitaalamu la ndege huyu ni *Oenanthe pileata*. Neno *pileata* ni la Kilatini, maana yake "aliyevaa kofia", basi mimi namwita Kofia Nyeusi na nitatumia jina hilo humu. Ukiuliza jina mjini utaambiwa ni "kandeke" tu, na kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi ndeke ni ndege wa mbawa na pia ndege ya Luano, uwanja wetu wa ndege, kwa hiyo hutafika mbali.

Ukoo wake ni ukoo wa jangwani. Jamaa wa *Oenanthe* ni ndege wa mahali pakavu: Sahara, Arabia, Asia ya Kati, nyanda za mawe. Zamani wataalamu waliwaweka pamoja na ndege wa jamii ya *Turdidae*, siku hizi wako *Muscicapidae*. Sisi hatuna jangwa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, katikati ya miombo, na mvua inanyesha kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Lakini kila kiangazi moto unatutengenezea vipande vya jangwa la muda, na ndege huyu anavijua kuliko sisi. Ukimwelewa hapa, siku ukimwona ndugu yake wa Sahara, hata kwenye picha, hutababaika.

Hatua ya 1: Tafuta ardhi kwanza

Wanaoanza huanzia kwenye kitabu cha picha. Mimi nasema anzia kwenye majani. Kofia Nyeusi anataka ardhi ambayo anaweza kuikimbilia bila majani kumzuia na kuona mdudu akiwa mbali. Majani yakimfika begani, hamtaki mahali hapo.

Kwa hiyo tafuta vitu vitatu kwa pamoja: udongo mtupu au majani mafupi sana, eneo wazi lisilo na miti mingi, na vijukwaa vya kusimamia, yaani vichuguu, mawe, visiki, mabonge ya udongo. Dembo lililoungua lina vyote vitatu. Malisho yaliyoliwa na ng'ombe hadi chini yana vyote pia, na ndiyo maana nyanda za juu za Biano na Kundelungu, zile tunazoita dilungu, ni mahali pazuri kwake. Shamba lililolimwa likisubiri mvua nalo halikosi kumvutia.

Mitego ipo miwili. Wa kwanza ni kudhani kila mahali peupe panafaa. Kule upande ambao moshi wa kiwanda cha shaba ulielekea tangu 1911, kuna vilima ambavyo udongo wake umebaki uchi kwa sababu ya sumu ya metali. Kwa macho, ni jangwa kamili. Lakini ndege huyu anaishi kwa wadudu, hasa siafu, sisimizi, mchwa, mbawakawa na viwavi, na pasipo majani wala mizizi chakula ni haba. Usianzie huko. Mtego wa pili ni moto wa jana. Ardhi ikiwa bado inafuka moshi utakuta vipanga na korongo wakiokota panzi waliokaangwa. Ipe ardhi siku kadhaa, hadi ncha za kijani zianze kuchungulia kwenye majivu.

Hatua ya 2: Chagua saa

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni za baridi kali, na wengi husubiri jua lipande. Usisubiri. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu hewa imetulia, ndege wana njaa, na mwanga unakuja kutoka pembeni unaoonyesha rangi vizuri. Baada ya saa nne ardhi nyeusi inapata moto, hewa inaanza kucheza juu yake, na kupitia lenzi kila ndege anaonekana kama yuko ndani ya maji. Jioni kuanzia saa kumi unapata nafasi ya pili, ila vumbi na moshi wa mioto mingine hupunguza mwanga.

Jua liwe mgongoni kwako. Wengi hulisahau jambo hili dogo na kurudi nyumbani wakisema wameona "ndege mweusi". Ndege yeyote akiwa kati yako na jua ni mweusi.

Hatua ya 3: Vifaa, na adabu ya kuvitumia

Darubini ya macho mawili, hapa kwetu jumeli, ya 8x42 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ambao ndio unaoleta mwanga. Ukiuziwa ya 20x50 sokoni kwa bei ya chini, iache: mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anarukaruka ndani ya kioo, na kwenye joto utaona mawimbi matupu. Ongeza daftari dogo na kalamu ya risasi. Wino hugoma kwenye vumbi.

Sasa adabu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Huu ni mkoa wa machimbo. Mtu mwenye jumeli kando ya uzio haonekani kama mpenda ndege. Mwaka mmoja nilisimama kando ya uzio wa kampuni moja nikifuata ndege aliyekimbilia ndani. Walinzi walinichukua, nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima nikieleza habari za mikia. Kilichoniokoa ni daftari. Mkubwa wao alifungua, akakuta michoro mibaya ya ndege ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Huyu hana akili, lakini hana shida." Tangu siku ile ninafuata kanuni tatu: sielekezi jumeli kwenye machimbo, uwanja wa ndege, kambi wala reli, nikifika kijijini naanza kwa shefu wa kijiji, nasalimia, naeleza, namwonyesha picha, na natembea na mtoto mkubwa au kijana wa pale pale. Huyo kijana mara nyingi anajua ndege yuko wapi kabla sijafungua begi.

Hatua ya 4: Soma mwendo kabla ya rangi

Ukiwa mita 100 kutoka kwake, rangi hudanganya, mwendo haudanganyi. Kofia Nyeusi husimama wima sana, miguu mirefu imenyooka, kifua mbele. Anakimbia mbio fupi, anasimama ghafla, anainama kidogo, anaokota, anasimama tena. Akirudi kwenye kichuguu anapiga mabawa mara moja, kama mtu anayekung'uta koti, na kutikisa mkia juu chini. Akiruka, huruka chini karibu na ardhi, kisha anapanda ghafla kwenye kijukwaa kingine.

Jaribu hivi: mwangalie dakika 2 bila jumeli. Hesabu ni mara ngapi amekimbia na ni mara ngapi amerukaruka kwa miguu miwili. Huyu ni mkimbiaji. Zoezi hilo pekee linaondoa nusu ya ndege utakaochanganya naye.

Hatua ya 5: Sasa rangi, kuanzia nyuma

Nyuma kabisa, narudia. Akiruka kukukimbia, usishushe jumeli kwa hasira, maana huo ndio wakati wa dhahabu. Kiuno, pale juu ya mkia, kinawaka weupe kama karatasi. Mkia wenyewe ni mweusi, wenye weupe kidogo pembeni kwenye mashina ya manyoya. Nyeupe kisha nyeusi: andika hilo kwanza.

Halafu akitua na kugeuka, tazama mbele. Utosi mweusi. Paji la uso jeupe, na kutoka hapo nyusi nyeupe ndefu zinazopita juu ya jicho. Shavu jeusi linateremka pembeni ya shingo na kuungana na mkanda mpana mweusi wa kifuani. Koo ni jeupe, limefungiwa ndani ya weusi huo kama leso. Tumbo ni jeupe, lenye rangi ya chai ya maziwa ubavuni. Mgongo ni kahawia. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18, mkubwa kuliko shomoro kidogo, lakini kwa sababu ya kusimama wima anaonekana mrefu zaidi.

Dume na jike wanafanana. Usipoteze asubuhi ukijaribu kuwatenganisha kwa rangi. Aliye juu ya kichuguu akiimba ndiye dume, kwa kawaida.

Wadogo ndio waliowahi kuniaibisha. Mwezi wa kumi mwaka fulani niliandika kwa furaha kwamba nimepata ndege mpya wa Katanga: kahawia, madoa ya rangi ya mchanga mgongoni, kifua chenye michirizi michafu, hana kofia wala mkanda. Niliwapelekea rafiki zangu mchoro. Kesho yake nilirudi, nikamkuta "ndege mpya" ametanua mdomo akilishwa kiwavi na Kofia Nyeusi. Kwa hiyo ukiona ndege wa madoa asiyefahamika kwenye majivu kuanzia mwezi wa tisa, angalia kiuno. Kikiwa cheupe na mkia mweusi, subiri mzazi aje.

Hatua ya 6: Waondoe wanaofanana naye

Wa kwanza ni yule wa mjini, *Motacilla aguimp*, mweusi na mweupe, anayetembea juu ya mabati na kando ya mitaro akitikisa mkia mrefu mchana kutwa. Naye ana mkanda kifuani, na ndiye ninayetumiwa picha zake zaidi kwenye simu na swali "huyu ndiye?" Siye. Mkia wake ni mrefu mno, mgongo ni mweusi si kahawia, na kuna weupe mwingi kwenye bawa.

Wa pili ni *Saxicola torquatus*, dume lake lina kichwa cheusi chote, doa jeupe shingoni na kifua chekundu cha kutu. Huyu hukaa kwenye ncha ya jani refu au kichaka pembeni ya dembo. Hana nyusi nyeupe, hana koo jeupe.

Wa tatu ni *Myrmecocichla nigra*, ambaye pia anapenda vichuguu. Dume ni jeusi tii lenye doa jeupe begani, jike ni kahawia ya kiza. Hana kiuno cheupe. Wakati mwingine utawakuta wote wawili kwenye dembo moja, kila mmoja na kichuguu chake, wakitazamana kama wauzaji wa nyanya.

Wa nne anahitaji umakini: *Oenanthe familiaris*, ndugu wa ukoo uleule, mpenda mawe na vilima. Ni kahawia mtupu, anapiga mabawa kila akitua, lakini kiuno na mkia ni rangi ya kutu, wenye alama nyeusi mfano wa herufi T iliyogeuzwa juu chini. Ukiona kutu, si Kofia Nyeusi.

Kipozamataza na wenzake wa kahawia wenye michirizi wapite haraka. Hujibanza chini, hawasimami wima.

Hatua ya 7: Mlinganishe na ndugu wa jangwani

Ndugu wa jangwani kweli kweli ni *Oenanthe deserti*. Usimtafute Kongo, hayupo. Anazaliana kutoka Afrika ya Kaskazini kupitia Mashariki ya Kati hadi Mongolia, na majira ya baridi anateremka Sahara, Sahel, Pembe ya Afrika, Arabia na kaskazini-magharibi ya India. Ni mdogo kidogo, sentimita 14 hadi 15. Dume ni rangi ya mchanga juu, uso na koo vyeusi, na weusi huo unagusana na bawa jeusi. Jike ni rangi ya mchanga tu, hana koo jeusi la dume.

Ufunguo wake, kwa dume na jike, uko nyuma: mkia wote mweusi, karibu hadi kwenye shina. Katika ukoo mzima hii ndiyo alama ya haraka zaidi. Linganisha na *Oenanthe oenanthe*, yule wa Ulaya na Asia, ambaye mkia wake ni mweupe wenye T nyeusi iliyogeuzwa. Huyu wa mwisho huja Afrika wakati wa baridi ya kwao, na wachache hufika kusini hadi Zambia, kwa hiyo kuanzia mwezi wa kumi usimfukuze akilini. Ana uzito wa gramu 25 hivi. Utafiti uliochapishwa 2012, uliotumia vifaa vidogo vya kurekodi mwanga mgongoni mwa ndege, ulionyesha kwamba wale wanaozaliana Alaska wanakuja Afrika ya Mashariki, karibu kilomita 14,500 kwa safari ya kwenda tu. Nikikumbuka hilo huwa naona aibu kulalamikia barabara ya Kasenga.

Basi kwa kanuni fupi ya mikia: mweusi mtupu ni wa jangwani, T nyeusi juu ya nyeupe ni wa Ulaya, T nyeusi juu ya kutu ni wa mawe, mweusi wenye weupe kidogo pembeni na mkanda kifuani ni wetu.

Kwa nini wa jangwani ni rangi ya mchanga na wetu ana mkanda mweusi? Mgongo wa kila mmoja unafanana na sakafu yake. Kofia Nyeusi akikugeuzia mgongo kwenye udongo wetu wa kahawia anapotea kabisa. Akikugeukia, anawaka. Na wote wawili hawahitaji kwenda mtoni kila siku, kwa sababu maji mengi wanayapata ndani ya wadudu wanaokula.

Hatua ya 8: Sikiliza

Mlio wa wasiwasi ni mkavu, "chik, chik", kama kokoto mbili zikigongana. Wimbo ni kitu kingine. Anaimba akiwa juu ya kichuguu au akipaa kidogo hewani, mkia umetanuliwa, miguu inaning'inia, na ndani ya wimbo anaingiza sauti za ndege wengine. Ni mwigaji hodari. Kwa sababu hiyo usimtambue kwa wimbo peke yake: ukisikia ndege watatu kwenye kichuguu kimoja, tazama, huenda ni mmoja. Kwenye tovuti ya xeno-canto zipo sauti zake za bure. Zisikilize nyumbani. Kumchezea sauti yake pale shambani kunamfanya apigane na adui asiyekuwepo badala ya kulisha watoto.

Hatua ya 9: Elewa nyumba yake

Kofia Nyeusi hutaga ndani ya ardhi, mara nyingi kwenye shimo la panya au upenyo chini ya kichuguu, na mayai huwa 3 au 4. Ukimwona ana mdudu mdomoni na hamezi, kaa chini papo hapo. Atazungukazunguka, atakwenda kichuguu hiki na kile, atakudanganya mara tatu, kisha atatoweka kana kwamba ardhi imemmeza. Imemmeza kweli. Andika mahali, rudi nyuma hatua 30, usikaribie. Usiingize mkono shimoni. Hata nyoka wanajua mashimo ya panya. Na kama kijana uliyeenda naye ni mchimbaji wa panya, mwonyeshe shimo lile mapema na mwombe aliache hadi makinda watoke. Mara nyingi anakubali.

Hatua ya 10: Andika

Tarehe, saa, mahali, urefu wa majani kwa kipimo cha mwili (kifundo, ugoko, goti), na siku ngapi tangu moto. Hivi viwili vya mwisho vina thamani kuliko picha ya simu yenye ukungu. Ukitaka, viingize kwenye eBird, tovuti ya kukusanya orodha za ndege walioonekana, ambako orodha za Katanga ni chache ukilinganisha na za Zambia, ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Rudi kwenye dembo lilelile kila wiki mbili. Utaona majani yakifika kifundo, ndege wapo. Yakifika ugoko, wamebaki wawili. Mwaka jana mvua za kwanza kubwa zilipofululiza, kichuguu changu cha barabara ya Likasi kilikaa kitupu. Wiki iliyofuata majani yalikuwa yamefika gotini, na juu ya jani moja refu pembeni yake alikuwa amekaa yule wa kifua cha kutu.